Staa Kaondoka na Hela Yake, Tela la Watu Limebaki Majivu

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, ila Desemba imefika tena na mabango yameshaanza kubandikwa stendi, kwahiyo leo niacheni niseme. Majina sitaji. Mnaowajua mnawajua.

Huku kwetu msimu ukishafunguka, mnada wa korosho ukipita na hela za wakulima zikaingia, kila msanii anakumbuka ghafla kwamba kusini nako kuna watu. Sio mbaya, tunawapenda. Basi mkesha wa mwaka mpya uliopita akaja staa mmoja mkubwa, na promota wetu, kijana wa hapahapa, akataka kuonyesha kwamba na sisi tuna mji. Akaagiza fataki. (Nasema fataki za kupaa juu jamani, sio yule mzee wa kwenye matangazo ya redio ya enzi zile anayewinda wanafunzi. Ingawa na hao uwanjani walikuwepo.)

Nyuma ya jukwaa lilipaki tela. Ni la kaka mmoja tunayemheshimu sana mtaani, kalitengeneza kwa fundi wa kuchomelea, hela imetoka kwenye korosho za shamba la mama yake. Ndani kuna spika, jenereta, waya, na kitanda cha kulala yeye na kijana wake wakienda kupiga mziki Newala au Nanyumbu, maana msimu huu gesti zinajaa hadi unakosa pa kuweka kichwa. Kwa juu kafunika turubai la nailoni, lile la bluu.

Saa sita kamili usiku zikapaa. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Shida ya fataki sio inapopanda, ni inaposhuka, kwa sababu vipande vingine vinarudi chini bado vina moto na hakuna anayeviangalia. Sote tulikuwa tumeinua simu. Alafu pembeni watoto nao wanazungusha stilwaya, ile ya kusugulia sufuria, cheche zinaruka kila upande.

Turubai la nailoni haliwaki kama karatasi. Linayeyuka, linadondosha matone ya moto chini, na chini palikuwa na godoro la sponji. Dakika chache tu moshi mweusi ukajaa. Waliozima ni mama lishe wawili kwa madumu yao ya maji, na vijana waliorusha mchanga. Lile jenereta lilikuwa na petroli ndani. Hapo huwa sipendi kuendelea kufikiria.

Na niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema. Video ya fataki niliyoirusha mimi, ile mliyoipenda sana, siku ya tatu niliiangalia tena taratibu. Kwenye kona ya chini kulia kinaonekana kipande chekundu kikitua juu ya turubai. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Nilikuwa natafuta picha kali.

Asubuhi staa yuko njiani kwenda Mtwara, kaposti "Masasi mmetisha". Promota akasema ni ajali, Mungu kapenda. Tela lilikuwa na bima ndogo, ile ya kumridhisha trafiki, na hiyo inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe mali yako ikiungua. Kwahiyo kaka wa watu kalipwa pole.

Msimamo wangu ni huu: aliyewasha ndo alipe. Polisi kila mwisho wa mwaka wanatangaza, hakuna kulipua fataki bila kibali, hakuna kuchoma matairi barabarani. Sasa kama una kibali na una hela ya kuchoma hewani, kwenye makubaliano yako na mwenye mziki andika kabisa kwamba kikiungua kitu chake unalipa. Najua mtaniita mwenye wivu, mtasema nataka kuua sherehe. Sherehe naitaka, nimewaambia nilikuwepo na simu mkononi.

Wa Newala ndo nawaonea huruma zaidi. Kule juu upepo haulali, na maji ya uwanda wa Makonde yanasukumwa kutoka chini bondeni, siku yasipotoka unazima moto na nini? Alafu muangalie malori ya korosho yanayolala yakisubiri kushusha ghalani. Aliyewahi kubangua korosho kwa moto nyumbani anajua lile ganda lina mafuta yanayoripuka na kukuunguza mkono. Cheche ikiingia kwenye gunia inaweza kujificha masaa, dereva yuko usingizini.

Kwa hiyo mwenye tela, lori, hata bajaji yenye kepu la turubai, usiku ule usipaki karibu na uwanja. Ukishindwa, paki upande upepo unakotokea, sio unakoelekea. Vua hilo nailoni, bora bati likae wazi, na kama mvua inatishia basi lilowanishe kwanza. Godoro na petroli toa nje kabisa. Weka ndoo ya mchanga, madumu ya maji, na mtu mmoja asiyekunywa akae hapo mpaka saa tisa usiku, maana moto wa pili huwa unakuja watu wameshalala. Namba ya zimamoto ni 114, iweke kwenye simu leo, usiitafute siku hiyo.

Yule kaka kashatengeneza tela upya, spika mbili za kuazima. Wiki iliyopita promota yuleyule kampigia, anamtaka tena mkesha huu. Kaka kamjibu kwa meseji kwamba atakuja, ila hela ya dhamana itangulie na fataki ziwashiwe upande wa pili wa uwanja. Mpaka naandika hapa, tiki mbili za bluu na hakuna jibu.