Kishikwambi au Kompyuta Mpakato: Tunanunua Zana au Heshima?

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya umahiri alikuja ofisini kuomba nimwandikie barua ya kuahirisha muhula. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amefiwa, na ada alikuwa amelipa. Alikuwa na madodoso 312 aliyoyakusanya kwa miguu yake mwenyewe katika vijiji vya kwao, na hakuwa na mahali pa kuyachambulia. Nilipomuuliza kompyuta yake iko wapi, alitoa mkobani kishikwambi kizuri, chembamba, chenye kava la ngozi. Baba yake, mkulima wa mpunga, alikuwa ameuza karibu mavuno yote ya msimu ili kukinunua. Programu ya takwimu tunayoifundisha katika idara yetu haina toleo la kishikwambi. Kwa miezi mitatu binti yule alikuwa akipanga foleni kwenye maabara ya kompyuta ambayo mashine zake nyingi ni mbovu na mlango wake hufungwa saa kumi jioni.

"Kwa nini hukununua kompyuta mpakato?" nilimuuliza.

"Dokta, nilikuona wewe darasani unatumia hiki. Nikajua ndicho kifaa cha wasomi."

Ndugu msomaji, katika miaka yangu ya kufundisha sijapata kujibiwa jibu lililonichoma kiasi kile, kwa sababu lilikuwa la kweli. Darasani huingia na kishikwambi. Nilipewa na mradi mmoja wa utafiti, na ninakitumia kuonyesha slaidi na kusoma rasimu za wanafunzi. Asichokiona binti yule ni kompyuta mpakato kuukuu iliyopo mezani nyumbani kwangu, ambayo herufi A imefutika kwenye kibodi kwa kubonyezwa. Tasnifu yangu ya uzamivu iliandikwa pale. Haya unayoyasoma sasa yameandikwa pale. Wanafunzi wetu hutuona tukisoma na kuonyesha, hawatuoni tukiandika. Kisha wanauza mpunga ili wanunue kile walichokiona.

Wengi watasema kuchagua kati ya kishikwambi cha bei kubwa na kompyuta mpakato nyepesi ni suala la dukani, la mtu na mfuko wake. Mimi nashikilia kwamba ni suala la kisiasa. Kwa mtu mwenye fedha ya kifaa kimoja tu, ambaye kazi yake ni kuandika, kukokotoa au kuunda, kishikwambi cha kifahari ni jembe linalouzwa bila mpini. Na jamii inayokipa kishikwambi hadhi ya juu kuliko kibodi inajifunza kuheshimu anayetazama kuliko anayetenda.

Tuanze na historia, maana vifaa hivi havikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1972, Alan Kay, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya Xerox huko California, aliandika juu ya kifaa alichokiita Dynabook: kompyuta bapa ya kubebwa mkononi, kwa ajili ya watoto wa umri wote. Wengi humtaja kama babu wa vishikwambi vya leo. Lakini mchoro wake ulikuwa na kibodi, na lengo lake lilikuwa mtoto aandike programu zake mwenyewe, aiamrishe mashine badala ya kuamrishwa nayo. Ruka sasa hadi Januari 2010. Steve Jobs alipoionyesha iPad ya kwanza kwa ulimwengu, aliketi jukwaani kwenye kiti cha kupumzikia, akafungua gazeti, akatazama picha. Kibodi ilikuwapo pia siku ile, lakini iliuzwa kando. Miaka miwili kabla yake, mtu huyo huyo alikuwa ameichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya kawaida ya ofisini, na hiyo ilikuwa na kibodi yake mwilini. Kampuni moja, mtu mmoja, vifaa viwili: kimoja cha kuketi nacho, kingine cha kufanyia kazi.

Sasa tutazame bei, kwa kuwa hapo ndipo uongo wa wepesi unapofichuka. Mwaka 2024, iPad Pro ya inchi 13 ilitoka Marekani kwa bei ya kuanzia ya dola 1,299. Kibodi yake ni dola 349. Kalamu yake ni dola 129. Jumla, dola 1,777. MacBook Air ya inchi 13 iliyotoka Machi 2025 ilianza kwa dola 999, na kibodi imo. Tofauti ni dola 778, kabla ya kodi, usafiri na faida ya mwenye duka Kariakoo. Na huo wepesi unaosifiwa? Kishikwambi hicho peke yake kina gramu 579. Ukikivisha kibodi yake, uzito wote unakaribia kabisa ule wa kompyuta mpakato, yaani kilo moja na robo. Umelipa zaidi ili ubebe kilekile.

Na bado hujanunua uhuru. Hili ndilo jambo ninalotaka wasomaji vijana walishike. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitia chipu iitwayo M1 ndani ya kompyuta zake. Mwaka 2021 ikaitia chipu hiyohiyo ndani ya iPad Pro. Ubongo ukawa mmoja. Kilichobaki tofauti ni ruhusa. Kwenye kompyuta mpakato unaweka programu uitakayo, kutoka popote, hata ile uliyoiandika mwenyewe usiku wa jana. Kwenye kishikwambi hicho, hapa kwetu, unachukua kinachoruhusiwa na duka la mwenye kampuni. SPSS na Stata hazina matoleo yake. Microsoft huruhusu kuhariri nyaraka bure kwenye vifaa vyenye kioo kisichozidi inchi 10.1, kioo kikizidi hapo, unalipia. Na Xcode, zana kuu inayotumiwa na waundaji wa programu za iPad, hufanya kazi kwenye kompyuta za Mac, si kwenye iPad. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kishikwambi unachokipapasa kwa kidole kimeundwa na mtu aliyeketi mbele ya kibodi.

Najua yatakayosemwa, na si haki kuyapuuza.

Kwanza, wako watakaosema kishikwambi kina faida zake. Nakubali bila kinyongo. Karani wa sensa anayetembea nyumba kwa nyumba anakihitaji, na mwaka 2022 tuliona kazi hiyo ikifanyika. Daktari anayezunguka wodini, mchoraji, mhandisi aliye juu ya jengo, mzee aliyestaafu anayetaka kukuza maandishi ili asome, wote hao wana hoja. Mwalimu wa hisabati anayeandika kanuni kwa kalamu juu ya kioo ana hoja kubwa zaidi. Mimi mwenyewe sisahihishi rasimu ya mwanafunzi kwa raha mahali pengine popote. Lakini ona: mimi nasahihisha. Aliyeiandika rasimu hiyo aliiandika wapi?

Pili, wako watakaosema kibodi inaweza kununuliwa baadaye. Hiyo baadaye tunaijua. Ni ileile ya mchango wa harusi na ya dari la nyumba. Aliyetumia mavuno ya msimu kununua jembe hana mavuno mengine ya kununulia mpini. Vipo pia vifaa vya katikati, kama Surface Pro, vinavyoendesha Windows kamili. Lakini navyo kibodi yake kwa kawaida huuzwa kando, na gharama inarudi palepale.

Tatu, kuna hoja ya kisasa, kwamba zama za kuandika zinapita, kwamba tutaongea na mashine zitatuandikia. Hoja hii huniogopesha, na hasa inapotoka kwa walimu wenzangu. Kuandika tasnifu si kupanga herufi. Ni kuisogeza aya ya tatu iende ya kwanza, kufuta ukurasa ulioupenda, kufungua jedwali upande huu na maandishi upande ule, kugundua saa sita usiku kwamba takwimu zako zinakupinga. Kazi hiyo hutaka madirisha mengi na mikono miwili. Jina lenyewe la kompyuta mpakato limetokana na kupakata: unaiweka mapajani kama mtoto, na mikono yote inabaki huru kufanya kazi. Anayesema kazi hiyo imepitwa na wakati anatuambia, kwa adabu, kwamba wapo wengine watakaofikiri kwa niaba yetu.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la mwanafunzi mmoja. Kishikwambi kimekuwa alama ya madaraka. Bunge letu lilipoanza kuvitumia mwaka 2019 badala ya makabrasha ya karatasi, sababu ilikuwa nzuri: kuokoa karatasi na gharama za uchapaji. Sina ugomvi na hilo. Mbunge hupokea miswada mingi, na kusoma ni sehemu kubwa ya kazi yake. Ugomvi wangu ni na somo ambalo ofisi nyingi zililichukua baada ya hapo. Niliwahi kukaa katika kamati ya manunuzi ya taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Wakuu wa idara waliorodheshwa kupewa vishikwambi vya daraja la juu kabisa, pamoja na kalamu. Maofisa wa chini, ambao ndio huandika ripoti, bajeti na mihtasari ambayo wakuu hao huisoma, waliambiwa waendelee na kompyuta za mezani zinazohitaji dakika kumi kuwaka. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba wakuu wanahitaji vifaa vinavyoendana na hadhi yao. Nilinyamaza. Nakiri hapa kwamba nilinyamaza, kwa kuwa nami nilikuwa kwenye orodha.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo lao. Katika kampeni za mwaka 2013, waliokuja kushinda waliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, wanafunzi walipewa vishikwambi. Inawezekana kabisa kwamba kwa mtoto wa miaka sita kishikwambi kinafaa zaidi. Hilo nawaachia wataalamu wa elimu ya awali. Ninachokitazama ni jinsi neno moja lilivyoingia kwenye jukwaa la siasa na kifaa kingine kikatoka kwenye boksi, na mjadala mkubwa ukabaki kuwa vimegawiwa vingapi. Sisi nasi, baada ya sensa, vishikwambi vilivyotumika vilielekezwa kwa walimu. Ni uamuzi bora kuliko kuviacha viozee ghalani. Lakini mwalimu anatakiwa aandae maazimio ya kazi, atunge mitihani, apange matokeo ya wanafunzi mia na zaidi katika majedwali. Je, kuna aliyemuuliza anatumia nini kuyafanya hayo? Idadi ya vifaa vilivyogawiwa ni takwimu ya bohari. Takwimu ya elimu ni kilichoandikwa, kilichokokotolewa na kilichoundwa kwa vifaa hivyo.

Nini basi kifanyike? Kwa mzazi na mwanafunzi: kabla ya kuuliza bei, uliza utaandika nini. Mwenye fedha ya kifaa kimoja anunue kompyuta mpakato isiyozidi kilo moja na nusu, yenye kumbukumbu ya GB 8 kwa uchache na hifadhi ya SSD. Ikibidi iwe ya mtumba, iwe hivyo. Mwombe muuzaji aiwashe bila chaja, uketi nayo nusu saa uone betri inavyoshuka, na ubonyeze kila herufi. Haitapendeza kwenye picha. Itamaliza tasnifu.

Kwa vyuo vyetu: barua ya udahili inamwambia mwanafunzi alete vyeti, picha na risiti ya ada. Iandikwe humo pia, kwa kila kozi, ni programu zipi atakazozitumia na ni kifaa gani kinachoziendesha. Sentensi mbili tu zingemwokolea binti yule mavuno ya baba yake. Na maabara za kompyuta zifunguliwe usiku. Mlinzi yupo, umeme upo, kinachokosekana ni utashi.

Kwa kamati za manunuzi: anzeni orodha zenu kutoka chini. Anayeandika apewe kwanza, anayesoma na kutia saini afuate.

Nami nimeanza na yangu. Barua ya kuahirisha muhula sikuiandika. Nilimpa binti yule kompyuta yangu kuukuu kwa wiki sita, nikabaki na kishikwambi, na katika wiki hizo nilisoma mengi sana na sikuandika chochote cha maana. Ndiyo sababu baraza hili lilikuwa kimya. Ameirudisha juzi. Sura ya nne imekamilika. Aliponikabidhi aliniomba radhi kwamba herufi E nayo imeanza kufutika.

Nilimwambia hajaharibu kitu. Na wiki hii nimeingia darasani na mashine ileile, nikaiweka juu ya meza mbele, upande wa kibodi ukiwaelekea wanafunzi.