Mtambue Kwanza, Dawa Baadaye
Mfugaji wa samaki wa nyumbani akiona vidudu vyeupe kwenye kioo cha tangi, hukimbilia dawa; mimi namwomba ashike kwanza tochi na lenzi ya kukuza. Umbo na mwendo ndivyo vinavyomtambulisha kiumbe. Anayeruka kwa mishtuko midogo, jike akibeba vifuko viwili vya mayai, ni kopepodi, chakula kizuri cha vifaranga wa samaki. Mnyoo bapa wenye kichwa cha pembetatu, unaoteleza juu ya kioo, ni planaria, na huweza kula mayai ya samaki. Aliyejishikiza kwenye jani, akatandaza minyiri na kujikunja akiguswa, ni haidra, mnasaji wa vifaranga. Usimponde: miaka ya 1740 kule Uholanzi, mwanasayansi Abraham Trembley alimkata haidra vipande, na vipande hivyo vikakua kuwa wanyama kamili. Wingi wa viumbe hawa mara nyingi hutokana na chakula kilichozidi, basi punguza ulishaji, fyonza uchafu wa chini na badilisha sehemu ya maji. Dawa iwe ya mwisho, kwani yaweza kuwaua hata konokono wasio na hatia.