Mzee Maruge Hakumaliza, Wala Hakushindwa

Na Zainabu Mwakio

Kila matokeo ya mitihani yakitangazwa, nasikia vijana wakijihukumu. Mtu hajafika hata miaka thelathini anasema maisha yamempita: wenzake wana kazi, wana familia, wamejenga, yeye bado. Wiki hii namwandikia huyo, pamoja na mama aliyeacha shule njiani na mzee anayeona haya kutia kidole gumba mbele ya wajukuu.

Januari 2004, mwaka mmoja baada ya karo ya shule za msingi kufutwa nchini Kenya, Kimani Maruge alikwenda Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Alikuwa na miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama sare ilivyotaka, akashika mkongojo wake, akaketi na watoto wa umri wa vitukuu. Alitaka aisome Biblia mwenyewe, ajue kama mhubiri anayasema yaliyomo. Alitaka pia ahesabu pesa zake asipunjwe.

Wengi wetu tunaingoja maana ya maisha ije kwa kishindo. Mzee huyu aliipata katika haja mbili za kawaida kabisa, akazifuata, watu wacheke wasicheke.

Mwaka 2005 alikuwa kiranja mkuu, na Septemba akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuutetea mbele ya Umoja wa Mataifa mpango wa elimu ya msingi bila malipo. Kisha dunia ikamgeuka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimfukuza kwake, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Hata kutoka kambini aliendelea kwenda shule. Alipohamia makao ya wazee jijini Nairobi, alirudi tena darasani. Agosti 2009 alifariki kwa saratani ya tumbo kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Kwa vipimo vyetu vya cheti, cheo na nyumba, aliondoka mikono mitupu. Lakini nani atathubutu kusema alishindwa? Vipimo hivyo ndivyo vyenye kasoro. Takriban sote tutakufa na jambo ambalo hatujalimaliza: shamba, deni, kitabu, malezi ya mtoto. Anayesubiri ukamilifu ndipo aone maisha yake yana thamani, atasubiri mpaka kaburini. Thamani imo katika siku ya leo na kazi tunayoifanya kwa moyo wote.

Hata hivyo, sifa za Mzee Maruge zisitusahaulishe wajibu. Hakuchagua kuanza shule uzeeni. Utotoni alikosa nafasi. Hakuna mtoto wa leo anayestahili kungoja hivyo, na kila anayezuiwa kuingia darasani kwa kukosa sare au pesa za mtihani ni aibu yetu sote.

Madarasa ya ngumbaru yapo. Walimu, wapokeeni wanaokuja wakiwa wamechelewa. Wanafamilia, msiwafanyie mzaha. Na wewe unayesoma safu hii, kama nyumbani kwako kuna mtu anayetamani kuanza, mnunulie daftari na kalamu, kisha mfuatane mkamwandikishe wiki hii.