Jiografia ianzie pale mwanafunzi aliposimama

Mwulize mwanafunzi wa sekondari hapa kwetu akueleze pepo za msimu ni nini. Aghalabu atakukaririria kwa Kiingereza sentensi mbili tatu alizozinakili kutoka ubaoni, bila kukosea hata nukta. Kisha mwulize kwa nini kaskazi huvuma Mombasa mnamo Januari, na kusi huvuma mnamo Julai. Yamkini atanyamaza, au atajitetea kwamba hilo si swali la jiografia bali ni la Kiswahili. Kumbe ni swali lile lile. Kwanza aliulizwa maneno, kisha akaulizwa maana.

Mimi si mwalimu wa jiografia. Kazi yangu ni isimu, na kwa miaka mingi nimewafundisha chuoni vijana waliotoka katika shule za kila pembe ya nchi hii. Wengi wao walipita mitihani yao vyema. Wanaweza kutaja aina za volkeno na hatua za ukuaji wa mto, lakini ukiwauliza mto unaopita karibu na kwao unatoka wapi na unamwagikia wapi, hawajui. Siwalaumu, wala siwalaumu walimu wao. Dai langu ni kwamba somo la jiografia limetengana na ardhi kwa sababu limetengwa na lugha ambazo wenyeji wa ardhi hiyo wamezitumia kuieleza. Mwanafunzi akifunguliwa mlango kwa lugha hizo, ataielewa jiografia, na hata Kiingereza cha mtihani kitamjia kwa wepesi.

Natuanze na dira. Maneno kaskazini na kusini hayakuzuka hivi hivi. Kaskazini ni kaskazi pamoja na kiambishi cha mahali -ni, yaani upande unakotoka upepo wa kaskazi. Kusini nalo ni vivyo hivyo, kutokana na kusi. Mashariki na magharibi tumeyapata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuchomoza na kuchwa kwa jua. Kwa hiyo Mswahili anapotaja pande nne za dunia, huwa ametaja pepo mbili na safari ya jua. Neno msimu lenyewe linatokana na Kiarabu mawsim, neno ambalo pia ndilo chimbuko la neno la Kiingereza monsoon. Mwanafunzi anayehangaika kulikariri neno hilo kama kitu kigeni hajaambiwa kwamba nduguye analo kinywani tangu utotoni.

Mwalimu akianzia hapo, sababu nazo hufuata kwa utaratibu. Mnamo Januari bara la Asia hupoa, hewa yake huwa nzito na mkandamizo wake huwa mkubwa. Upande wa kusini mwa ikweta kuna joto, hewa hupanda na mkandamizo hupungua. Hewa hutiririka kutoka kwenye mkandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo, huku ikipindwa na mzunguko wa dunia, nasi tunapata kaskazi. Ifikapo Julai mambo hugeuka: Asia hupata joto, na upepo huelekea huko kutoka kusini, nao ndio kusi. Katikati ya vipindi hivyo viwili huja maleleji, wakati upepo hautabiriki. Majahazi ya Omani na Gujarati yalikuja pwani yetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Hapo basi mwanafunzi amejifunza hali ya hewa, biashara na historia kwa pumzi moja, na yote yameanzia kwenye maneno mawili anayoyajua.

Wala wa bara asidhani kuwa hayo ni ya watu wa pwani peke yao. Wakikuyu waliziita mvua za masika kwa jina la njahi, na za vuli kwa jina la mwere, yaani mwele. Mvua imepewa jina la zao. Mwanafunzi wa Murang'a au Nyeri anayeulizwa kwa nini njahi ihusishwe na mvua ndefu na mwele na zile fupi, tayari anajadili kiasi cha mvua, muda wa kukomaa kwa mazao na kalenda ya kilimo. Sina shaka kwamba kila jamii ya nchi hii ina hazina ya namna hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Hazina nyingine ni majina ya mahali. Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, palikuwa na uwanda wa majimaji. Leo mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani joto la hewa hupungua takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Jina moja, basi, linatufundisha juu ya mwinuko, halijoto na kinamasi. Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ni maji moto kwa Kikuyu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini maji ya ardhini yawe moto, jawabu litamfikisha kwenye miamba yenye joto iliyo karibu na uso wa dunia katika bonde hilo, na hatimaye Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Maji ya Chumvi, katika njia ya kutoka Mombasa kwenda bara, inajieleza yenyewe. Shimoni, kule Kwale, ina mapango yaliyochimbwa na maji katika mawe ya matumbawe.

Hapa sina budi kutoa tahadhari ya kitaaluma. Si kila hadithi ya asili ya jina ni ya kweli. Majina mengine yalipotoshwa na makarani na wachoraji ramani wa kikoloni, na mengine yamebuniwa visa vya kupendeza baadaye. Lakini hata tahadhari hiyo ni somo. Jina lichukuliwe kama dhana ya kuthibitishwa: wazee waulizwe, wasemaji wa lugha inayohusika waulizwe, kisha ardhi yenyewe ikaguliwe. Je, kweli pana maji ya chumvi? Mwanafunzi anayefanya hivyo anatenda kazi ya mwanasayansi.

Historia inatupa kisa cha kuzingatia. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyeishi Rabai, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Mwenyeji aliyemwongoza aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona mlima Kenya kutoka Ukambani. Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia wa London, William Cooley, alizikataa katakata. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Cooley alikuwa na vitabu. Mwongozaji yule alikuwa na mlima. Nachelea kwamba shuleni bado tunawafunza watoto wetu kuwa akina Cooley, watu wa kuamini sentensi iliyoandikwa na kuitilia shaka ardhi inayoonekana.

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mapenzi ya mtu wa lugha kwa maneno yake. Sivyo. Kati ya Machi na Mei mwaka 2024, mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Alfajiri ya Aprili 29, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia karibu na Mai Mahiu na kusomba nyumba na watu waliokuwa usingizini. Jijini Nairobi, waliojenga kandokando ya mito waliamriwa kuhama. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Methali hiyo ni kanuni ya jiografia: maji huteremka kufuata mwinamo, na mkondo uliokauka miaka kumi haujafa. Mtu anayeweza kusoma mistari ya kontua kwenye ramani ataona bonde la mto hata kama ni kavu siku ya kununua kiwanja. Asiyeweza atamwamini dalali.

Hasara hii haimpati aliyesoma jiografia vibaya tu, bali pia yule asiyeisoma kabisa. Katika mfumo wa 8-4-4 somo hili lilikuwa la hiari katika madarasa ya juu ya sekondari. Katika mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia sekondari ya juu mwaka 2026, ni somo la kuchagua pia. Kijana wa miaka kumi na mitano hatachagua somo analoliona kuwa mlima wa maneno ya kukariri. Tukilifundisha kwa namna inayomfukuza, tutakuwa na kizazi cha wapiga kura, madiwani na wanunuzi wa ardhi wasiojua maji ya mtaa wao yanakwenda wapi.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, nami sisemi Kiingereza kiachwe. Nasema kisitangulizwe. Mtihani wa KCSE haumtaki mtahiniwa ataje tu, bali humtaka aeleze, afafanue, atoe sababu. Asiyeweza kueleza jambo kwa lugha anayoiota usiku hataweza kulieleza kwa lugha anayoikariri mchana. Dhana ikishaingia, istilahi ya Kiingereza ni kama lebo juu ya chupa iliyojaa. Tunachofanya sasa ni kugawa lebo huku chupa zikiwa tupu.

La pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hili limepitwa na wakati. Kwa miongo mingi watoto wa shule za msingi nchini Tanzania wamefundishwa jiografia kwa Kiswahili. Mmomonyoko, bonde la ufa, kasoko, tetemeko, kinamasi, kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu: maneno hayo yapo na yanatumika. Mengine, kama latitudo na kontua, tumeyakopa bila aibu, kama Kiingereza nacho kilivyoyakopa mengi kutoka Kilatini na Kigiriki.

La tatu ni uhaba wa muda na fedha. Hili nalipa uzito, kwa maana walimu wanalemewa. Lakini ninayoyapendekeza hayahitaji basi wala maabara. Kila mada ianze kwa dakika tano za kuulizana: jambo hili kwenu laitwaje, na kwa nini? Kopo lenye pande zilizonyooka pamoja na rula vinatosha kupima mvua kila asubuhi katika muhula wa masika, na tarakimu hizo, zikichorwa grafu, zitakuwa za shule yenyewe badala ya zile za mji wa mbali zilizomo kitabuni. Ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilomita 1, isitumiwe kwa ajili ya mazoezi ya mtihani tu. Itafutwe ile ya eneo la shule, na darasa liifuate kwa miguu hadi kijitoni na kurudi.

Na darasa la Nairobi lifuate mto wake, angalau kwa kidole juu ya ramani. Mto Nairobi huingia Athi. Athi hushuka kupitia Ukambani, hukutana na mto Tsavo, na kuanzia hapo huitwa Galana. Karibu na pwani huitwa Sabaki, na humwagikia baharini kaskazini mwa Malindi, ambako wakati wa mvua bahari hubadilika rangi kwa udongo uliosombwa. Mto ni mmoja, majina ni matatu, kwa sababu kila jamii iliujua ulipopita kwake. Kazi ya jiografia ni kuyaunganisha majina hayo. Mwanafunzi akishayaunganisha, ataelewa kwamba takataka inayotupwa mtoni Nairobi haipotei. Ina safari, na mwisho wa safari hiyo kuna wavuvi.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Jioni ya leo, kabla ya kufungua daftari, mwendee babu, nyanya au jirani aliyekaa hapo muda mrefu. Mwulize mahali hapo palikuwa na jina gani zamani, maji yalipita wapi katika mvua za El Niño za 1997, na upepo gani huleta mvua. Andika majibu hayo, uyapeleke darasani, na umwombe mwalimu mkayapime pamoja dhidi ya kitabu. Kwa walimu nasema: mkubalini mwanafunzi huyo, hata akileta jawabu lisilo katika silabasi. Wanaokumbuka majina hayo na njia hizo za maji wanazidi kupungua kila mwaka, na viwanja vinazidi kuuzwa.