Saa 72 Hazingoji Kikao cha Ukoo

Mtoto anapofanyiwa ukatili wa kingono, muda huanza kuhesabika papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyocheleweshwa ndivyo kinga inavyopungua. Dawa za dharura za kuzuia mimba, kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, hutolewa ndani ya siku 5, nazo pia ni bora zikiwahi. Katika kata kama Naipingo, wilayani Nachingwea, umbali wa hospitali si kikwazo pekee. Kikwazo kingine ni kikao.

Chukulia kuwa ni msimu wa korosho. Wazazi wamehamia shambani, na mtoto wa darasa la tano amebaki kijijini kwa bibi yake. Jumatatu asubuhi mwalimu anamwona ameinamisha kichwa, haandiki, hataki kuguswa. Anamwita kando, na mtoto anasema yaliyompata Jumapili. Kuanzia hapo mambo hufuata mkondo wa desturi: mwalimu humwarifu mwalimu mkuu, mwalimu mkuu humwita bibi, bibi humngoja mama, na mama humngoja mjomba, kwa kuwa kwa Wamwera na jirani zao neno la mjomba ndilo hufunga shauri. Mjomba anapowasili ni Alhamisi. Kinachojadiliwa ni fidia na aibu. Mtoto bado hajaonwa na mganga, na saa 72 zimekwisha.

Mfano huu haukutungwa ili kutisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu tu ya wasichana hao, na theluthi moja ya wavulana, walimweleza mtu. Mtoto anayesema, basi, amekwisha kufanya lililo gumu kuliko yote. Watu wazima hawana haki ya kulipoteza kwa kungojana.

Wapo wanaohofu kwamba haraka hiyo itamwangamiza mtu asiye na hatia, pengine mwalimu mwenzao au ndugu wa damu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inachanganya mambo mawili. Kumpeleka mtoto zahanati si kumhukumu mtu. Mwalimu hapaswi kupeleleza wala kumhoji mtoto mara tatu. Anapaswa kumsikiliza, kumwamini na kumfikisha. Uchunguzi ni kazi ya polisi, na hukumu ni ya mahakama. Tena, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziwasilishe kwa serikali ya mtaa. Ukatili huu ni jinai, si deni linaloweza kulipwa baina ya koo mbili.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Fomu ya polisi namba 3 husaidia ushahidi. Isifanywe tiketi ya kuingilia chumba cha matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: huduma haipaswi kutegemea kama taarifa imefika polisi. Zahanati isiyo na dawa hizo itoe huduma ya kwanza, ipige simu, na impeleke mtoto kwa rufaa siku hiyo hiyo. Mhudumu akumbuke pia kwamba watoto wengi waliofanyiwa ukatili hawana jeraha linaloonekana. Kuandika "hakuna dalili" si kuandika "hakuna kilichotendeka". Na kile kinachoitwa kipimo cha bikira hakina msingi wowote wa kitabibu. Kinamuumiza mtoto mara ya pili.

Kwa mzazi na mlezi, maelekezo ni mafupi. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na mganga. Nguo alizovaa zisifuliwe; ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Akianzishiwa dawa, azimalize siku zote 28.

Serikali imekwisha kuelekeza kuundwa kwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni. Dawati lisiishie kuwa bango ukutani. Liwe na walimu wasiopungua wawili, mmoja wao mwanamke, ili mtoto awe na pa kwenda hata pale mtuhumiwa anapokuwa mwalimu. Liwe na namba za mganga mfawidhi wa zahanati, afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, pamoja na 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Na liwe na nauli iliyotengwa mapema. Halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho kila msimu haiwezi kushindwa na nauli ya mtoto mmoja kwenda hospitali.

Mjomba aitwe, na kikao kikae. Lakini kikae mtoto akiwa amekwisha kumeza dozi ya kwanza.