"Alifanya Makusudi!"

Hapana neno litokalo upesi katika ua wa shule kuliko hili: "Alifanya makusudi!" Mtoto amekanyagwa mguu katika foleni ya chakula, hajageuka kumtazama aliyemkanyaga, na ngumi imekwisha kukunjwa. Aulizwapo na mwalimu hujibu, "Yeye ndiye aliyeanza." Nasema hilo si jibu, ni dhana tupu.

Msomaji, nani aliyekupa macho ya kuona ndani ya moyo wa mwenzako? Maumivu ya mguu ni ya kweli, lakini hayakwambii nia ya aliyekukanyaga. Wewe ukimwaga uji wa mwenzako husema, "Bahati mbaya." Akimwaga wako, husema, "Makusudi." Mkuki kwa nguruwe mtamu!

Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Dodge, alichapisha habari za jaribio lake. Wavulana waliaminishwa kuwa mwenzao ameharibu kazi yao ya kuunganisha vipande vya picha. Nia yake ilipokuwa wazi, iwe njema au mbaya, wagomvi na wapole hawakutofautiana sana. Nia ilipofichika, wagomvi walitenda kana kwamba wamechokozwa, na wapole wakajizuia.

Usiseme hayo ni mambo ya ng'ambo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu watoto 1,299 wa nchi 9, na watoto wa Kisumu walikuwamo. Huko kote, mtoto aliyemdhania mwenzake ubaya ndiye aliyeelekea zaidi kulipiza.

Wako wasemao kwamba kijana asiyelipiza papo hapo ni mwoga. Siwakubali hata kidogo. Ukionewa kweli, una haki ya kushtaki, na mwalimu ana wajibu wa kukusikiliza. Lakini kupiga kabla ya kujua si ushujaa.

Nayasema haya kwa aibu. Nilipokuwa kidato cha pili, rafiki yangu alimwagia chai daftari langu. Nilimpiga, jino lake likavunjika. Baadaye nikaambiwa kuwa alisukumwa na mtu aliyekuwa nyuma yake. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini kila alipocheka nililiona pengo lile.

Basi, kijana, utakapokanyagwa kesho, geuka kwanza uulize, "Imekuwaje, ndugu?" Kisha ungoje jibu.