Moyo wa mama: kwa nini ugonjwa unachelewa kuonekana Kimisagara

Anayeishi Kimisagara anaujua mlima. Ukishuka Nyabugogo asubuhi kununua mboga za kuuza, kurudi ni kupanda, na nyumba nyingi hazifikiwi na gari wala moto, ni ngazi na vichochoro tu. Kila mtu hufika juu akihema. Kwa hiyo mama ambaye moyo wake umeanza kushindwa kazi anahema kama jirani zake na hakuna anayeshtuka. Yeye mwenyewe husema amechoka, ana mawazo mengi, au kwamba tangu akimbie vita mwili haukurudi kama zamani. Wengine watasema amerogwa.

Basi usijilinganishe na jirani, jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Kama ulipanda na jerikani ya maji bila kusimama, na leo unasimama mara tatu mikono mitupu, hilo ni badiliko la kupeleka kwa muuguzi. Ukilala chali ukakosa pumzi mpaka uongeze mito, ukiamka usiku ukitafuta hewa, miguu ikivimba na kidole kikiacha shimo ukiibonyeza, usingoje wiki nyingine.

Wengi wetu tunadhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee, tena wanaume wanene wenye pesa. Kliniki za moyo ambazo Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health walizianzisha katika hospitali za wilaya mashariki mwa nchi, kama Rwinkwavu, zilikuta picha nyingine. Wagonjwa wengi walikuwa bado vijana. Chanzo kilichoongoza kilikuwa udhaifu wa misuli ya moyo, kikifuatiwa na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na koo la mtoto lisilotibiwa, hasa pale watu wanapolala wengi chumba kimoja. Presha nayo huharibu moyo kimyakimya.

Kuna aina moja ya udhaifu huo inayowapata wanawake peke yao. Huanza mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi 5 baada ya kujifungua, kwa mama ambaye pengine hakuwahi kuumwa moyo. Dalili zake zinafanana na uzazi wenyewe: uchovu, miguu kuvimba, kukosa usingizi. Mama mkwe atamwambia ale vizuri, atapona.

Katika kipindi hichohicho mama huyo anakwenda kituo cha afya mara 3, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa ajili ya chanjo. Mtoto anapimwa uzito na kuchomwa sindano, kisha wanarudi nyumbani. Kwa maoni yangu hapa ndipo pengo lilipo, na kuliziba hakuhitaji mashine ya gharama. Presha na maswali mawili juu ya pumzi na usingizi vingetosha kuanzia. Mpaka itakapokuwa desturi, omba mwenyewe: “Nipimeni na mimi.”

Maneno utakayotumia yana uzito. Ukisema *umunaniro*, yaani uchovu, unaweza kurudi na vidonge vya kuongeza damu. Sema *guhumeka birangora*, kupumua kunanishinda, kisha eleza lini: nikipanda ngazi, nikilala, usiku. Taja pia tarehe uliyojifungua. Kama Kinyarwanda chako ni kidogo, nenda na jirani, au zungumza kwanza na mshauri wa afya wa mtaa wako.

Upande wa bima kuna habari njema, ingawa si kamili. Wakimbizi wa mijini waliosajiliwa walianza kuingizwa katika mutuelle mwaka 2019, na Januari 2025 serikali iliamua kupanua huduma zinazolipiwa na bima hiyo, zikiwemo za moyo, figo na saratani. Lakini mutuelle ni ngazi kama zile za mtaani kwetu: kituo cha afya kwanza, kisha hospitali ya wilaya, kisha rufaa ya CHUK au King Faisal. Upasuaji wa moyo uko juu kabisa, na aliyeandikiwa “uchovu” chini hafiki huko. Mwaka wa mutuelle huanza Julai, kwa hiyo hakikisha jina lako na la kila mtu nyumbani limo kabla hujaugua.

Dharura haingoji ngazi hizo. Mshtuko wa moyo kwa mwanamke mara nyingi huja na maumivu ya kifua kama kwa mwanaume, lakini unaweza kuja pia na kichefuchefu, jasho baridi, kukosa hewa ghafla, au maumivu ya taya, mgongo na mkono. Hapo piga 912, simu ya bure ya ambulensi. Mkalishe mgonjwa, usimlaze chali. Asitembee, na asipandishwe moto. Vijana wawili wambebe kwenye kiti hadi barabarani, na mmoja atangulie kuisubiri gari, maana dereva hatakiona kichochoro chako.

Waliokwisha kuanza dawa huziacha miguu ikishapungua, na wiki chache baadaye hurudi wakiwa na hali mbaya zaidi. Uvimbe umepungua kwa sababu ya dawa. Na mama aliyepata udhaifu wa moyo kutokana na uzazi, au aliyebadilishiwa vali na anameza warfarin, azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba nyingine: ya kwanza inaweza kurudi vibaya kuliko mwanzo, na ya pili ina dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mume aende naye siku hiyo, asikie mwenyewe.